Jumatano Ambayo Sikwenda Matiri

Ninyi mnaoanza kazi hii mwaka huu, mliokuja kunisalimia hapa Mbinga mkanikuta nachambua maharage, nimeona heri niwaandikie. Siku ile mliniuliza kazi ya kuhudumia wagonjwa wa akili vijijini inahitaji nini zaidi, nikawajibu, "Uvumilivu." Hilo ni jibu la mtu anayetaka wageni wamalize chai. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna aibu yangu.

Mimi, Nesi Gama, nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa naishi peke yangu. Mume wangu alishatangulia, watoto wako Dodoma na Mbeya, wanapiga simu Jumapili baada ya misa. Msinihurumie sana, kwa sababu upweke niliuzoea kazini kabla haujahamia nyumbani. Fundi wa baiskeli akirudi kwake jioni anaweza kusimulia mnyororo aliounga. Sisi tunarudi na habari za watu, na hatuna wa kumsimulia. Mume wangu aliniuliza kila siku, "Leo vipi?" nami nikamjibu, "Salama," kisha tukala ugali. Miaka yote hiyo alijua kwamba si salama, na hakunibana. Hilo nalo jiandaeni nalo.

Mtu nitakayewasimulia habari zake nitamwita Alanus. Si jina lake, na mambo kadhaa nimeyageuza ili jirani yake akisoma asimjue.

Nilipopangiwa Mbinga mara ya kwanza nilikuwa binti mwenye cheti kipya na viatu vipya. Mimi ni Mngoni wa upande wa Songea, Kimatengo nilikuwa sikijui, kwa hiyo nilipewa mhudumu wa wodi anisindikize. Aliitwa Mama Gaudensia. Kazi yake ilikuwa kufagia na kubadilisha mashuka. Alisoma hadi darasa la saba, na kila ninachokijua kuhusu kazi hii ambacho hakikuandikwa vitabuni nilijifunza kwake.

Tulipanda kijiji cha Matiri kwa sababu padri alileta habari ya mtu aliyefungwa nyumbani. Tukafika kwenye nyumba iliyo mgongoni mwa kilima, juu yake shamba la ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiteremke na mvua, na chini yake kahawa iliyokosa wa kuipogolea. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, Bibi Kandida. Alitupeleka nyuma ya jiko. Ndani ya kibanda alikuwamo mwanawe, Alanus, mtu wa miaka arobaini na kitu, amekaa chini, mguu mmoja umepitishwa kwenye tundu la gogo.

Nilianza kwa kugomba. "Bibi, huyu ni binadamu. Nani alikuruhusu kumfunga?"

Bibi Kandida alikuwa ameshika sahani ya ugali. Nikaendelea kumweleza haki za mgonjwa, nikimwelekezea kidole yule mtu kana kwamba ni ufa ukutani. Mama Gaudensia akanipita, akapiga goti kidogo mbele yake, akasema, "Shikamoo baba."

Yule mtu alikuwa anatazama chini. Mama Gaudensia hakurudia salamu wala hakuinuka. Alisubiri. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba nyingine tulizotakiwa kufika siku ile. Baada ya muda mrefu, kwa sauti iliyokauka, yule mtu akasema, "Marahaba."

Bibi Kandida alikaa chini hapohapo alipokuwa, sahani mapajani. Baadaye alituambia kwamba tangu mwanawe afungwe hakuna aliyemsalimia. Watoto walipita, watu wazima walipita, wakamuuliza mama, "Amekula? Amelala?" wakati mwenyewe yupo na anasikia.

Tulipokuwa tunateremka nilikuwa bado na hasira. Mama Gaudensia akasema, "Mwanangu, umemkuta mama aliyeshindwa, ukamzaba kofi."

"Sikumgusa."

"Mara mbili alimkuta mwanawe amelala katikati ya barabara ya magari. Ndiyo maana akamfunga. Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Tukaanza matibabu. Sindano ya kila mwezi, vidonge vya jioni, na mazungumzo. Mafunzoni nilifundishwa kumwambia mgonjwa, "Naelewa unavyojisikia." Nilimwambia Alanus hivyo safari ya pili. Mama Gaudensia akanitafsiria vizuri kabisa, kisha njiani akaniuliza, "Wewe umewahi kufungwa gogo?" Tangu hapo sentensi ile sijaitumia tena. Niliuliza usingizi, chakula, choo. Niliuliza kabla ya kuumwa alikuwa anafanya nini, na hapo ndipo nilipojua kwamba Alanus alikuwa fundi wa ngoro. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakimwita awapimie kilima chenye mwinuko mkali, ajue shimo lianzie wapi. Alinieleza kwa mikono, mguu ungali kwenye gogo, na kwa muda ule mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Siku hizi mnayo madodoso ya kurasa tatu. Yajazeni, lakini lazima muwe na swali moja ambalo mgonjwa anajua jibu lake kuliko ninyi.

Mwezi wa pili tulimtoa kwenye gogo. Bibi Kandida alilipasua akapikia maharage, na tulikula.

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikwenda Matiri kila Jumatano. Alanus alirudi shambani. Kahawa aliipogolea, ngoro akazifufua. Nikifika alikuwa amesimama kwenye njia, amevaa shati la kanisani. Nilijivuna. Siku moja, mbele ya mama yake na baba yake mdogo, nikamwambia, "Baba, sasa umepona kabisa." Wote wakapiga makofi. Yeye alitabasamu na kutazama kando. Nilipoondoka nikasema, kama kawaida, "Nitakuja Jumatano."

Kumbukeni hizo sentensi mbili, kwa sababu ndizo zilizomuumiza kuliko ugonjwa.

Wiki ile nilipata barua ya uhamisho. Niripoti kwenye zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mbele ya Mbamba Bay, ndani ya siku saba. Jumatano ya Alanus ilifika mvua inanyesha, nina masanduku ya kufunga. Nikasema nitapanda Alhamisi. Alhamisi nikasema Mama Gaudensia atamwambia, nikasahau kwamba Mama Gaudensia alikuwa likizo ya msiba kwao. Ijumaa nilikuwa kwenye gari la kuteremka ziwani. Hivyo tu. Sikuwa nimefanya ubaya wowote ambao mtu angeweza kuuandika kwenye karatasi.

Habari zilinifikia kwa simu. Mama Gaudensia aliniambia Alanus alisimama njiani Jumatano tatu. Alipokuja muuguzi mwingine na sindano, alikataa. "Nimepona," alimwambia. "Nesi Gama amesema mwenyewe." Mwezi wa nne baada ya hapo aliondoka nyumbani asubuhi, na jioni hakurudi. Bibi Kandida alizunguka akiuliza hadi miguu ikavimba. Mwaka uliofuata alifariki kwa kifua. Mpaka wiki ya mwisho, Mama Gaudensia alisema, alikuwa akipika chakula cha watu wawili.

Kule ziwani nilikuwa peke yangu kwa maana zote. Mume wangu alibaki Mbinga na kazi yake. Nyumba ya mtumishi ilikuwa na vyumba viwili na redio. Watu walikuwa wakarimu, wananiletea usipa mkavu, vile vidagaa vya ziwani, na mihogo, lakini mtu akijua wewe ni nesi wa "wale wagonjwa" hakai sana kwako, asije akaonekana. Nilikuwa nafunga zahanati, natembea hadi ufukweni, natazama mlima nilikotokea, naupa mgongo, narudi. Nililala vibaya miezi mingi. Kama angekuja mgonjwa na dalili zangu ningemwandikia rufaa. Sikumwambia mtu. Nawaambia ninyi ili msifanye kama mimi. Tafuteni mwenzenu mmoja wa kazi, mwekeane siku ya kuulizana, na mtu akisema "salama" muulizeni tena.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo jingine. Kulikuwa na dada mmoja, nitamwita Estelina, ambaye mumewe alizama. Alikuwa hajapika kwa wiki kadhaa, wanawe wanalishwa na majirani. Nilikwenda kwake siku tatu nikamkuta kwenye chanja la kuanikia, anageuza usipa uliokwisha kukauka, anageuza tena. Siku ya nne sikumuuliza kitu, nikageuza naye. Kisha nikafanya kile ambacho nilikuwa nakiogopa tangu chuoni. Nikamuuliza wazi, "Dada, unafikiria kujiua?"

Nilikuwa nimeamini kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo. Estelina aliacha kugeuza. "Ndiyo," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wengine wananiambia nimshukuru Mungu."

Hatukuagana mpaka dada yake alipokuja na mkeka wake, akalala kwake tangu siku ile, na mimi nikarudi kila siku kwa wiki mbili. Hakupata nafuu kwa neno langu lolote la hekima. Alipata nafuu polepole, kwa watu kutomwacha peke yake, na kwa matibabu. Leo anauza usipa hadi Songea, na akiniona sokoni ananiongezea kikombe.

Baada ya miaka mitatu nilirudishwa Mbinga. Kila nilipopata nafasi niliwauliza makondakta wa mabasi, kwa sababu hao wanamjua kila anayelala stendi. Mmoja akaniambia, "Mama, Kitai yupo mzee anabeba mizigo. Ana lafudhi ya Wamatengo, lakini haongei ila neno moja moja. Tunamwita Bubu."

Nilikwenda Kitai, kituo cha mabasi kwenye barabara ya Songea. Nikamwona kabla hajaniona, anapandisha gunia la mahindi juu ya basi la Songea. Alikuwa amekonda, nywele zimeshikana, viatu viwili vya jozi tofauti. Nikakaa kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na pampu ya maji. Alipokuja kunywa nikasimama. Njia nzima nilikuwa nimejiandalia maneno: uhamisho, mvua, barua, msiba wa Mama Gaudensia.

"Shikamoo baba."

Alinitazama. "Ulisema Jumatano," akasema, akaenda zake kwenye gari jingine.

Nikamfuata hatua chache. "Ni kweli nilisema. Sikuja, wala sikukutumia neno. Kosa ni langu." Hakugeuka. Yale maneno mengine yote nilirudi nayo Mbinga bila kuyatoa, na nashukuru.

Nikamwomba mkubwa wangu wa kazi siku moja kwa wiki, nikaandika kwenye kitabu "ufuatiliaji wa mgonjwa, Kitai." Jumatano tano mfululizo nilikwenda nikakaa kwenye lile benchi. Nilikula wali maharage, nikasoma gazeti la wiki iliyopita, nikapanda basi kurudi. Alanus alipita mbele yangu na mizigo bila neno. Mama lishe alinichunguza, na Jumatano ya nne akaniinamia sikioni. "Dada, wanaume wa aina hii ni wagumu, lakini huyu atakukubali tu. Vumilia." Nikamwambia asante. Nilikuwa na mume nyumbani, lakini siri ya mgonjwa ni siri, hata ikikugharimu jina.

Jumatano ya sita Alanus aliweka chini mzigo wake, akaja akakaa mwisho wa benchi.

"Mama yangu hajambo?" akauliza.

Mama Gaudensia alikuwa amekwisha kustaafu wakati ule, lakini nilikuwa nimemwendea nyumbani kwake kumuuliza habari ya siku hii. Aliniambia, "Asipouliza, usimwambie. Akiuliza, usimdanganye. Na ukishamwambia, usiondoke."

"Baba," nikasema, "mama amefariki. Huu ni mwaka wa pili."

Kondakta alikuwa anaita abiria wa Mbinga. Alanus alisikiliza mpaka gari likaondoka.

"Aliugua?"

"Kifua. Siku nne."

"Nani alimlisha?"

"Dada yako."

"Aliniulizia?"

"Kila siku."

Alivua kofia akajifunika nayo uso. Nilikaa. Mama lishe alikuja na chai mbili, akaona, akaziweka akaondoka bila kuuliza, na tangu siku ile sijawahi kumcheka kwa yale aliyonidhania. Muda mrefu baadaye Alanus aliongea chini ya ile kofia.

"Uliposema nimepona, zile sauti nilikuwa bado nazisikia. Zilikuwa za chini, lakini zipo. Mama akapiga makofi. Nikaona nikisema bado zipo, nitakuwa nimewanyang'anya kitu. Nilikuwa nakungoja Jumatano nikuambie wewe peke yako."

Nimesikia mengi katika kazi hii. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Nilimwomba radhi. Kisha, kwa sababu Estelina alikuwa amenifundisha, nikamuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Akafikiri kwa uaminifu. "Nimechoka. Lakini sijafika huko."

"Ukifika, utamwambia nani?"

Akamwonyesha mama lishe kwa kidevu. "Huyu. Wewe hukai hapa."

Ilinichoma, na lilikuwa jibu sahihi. Andikeni hili popote mnapoandika mambo yenu: mgonjwa asikutegemee wewe peke yako. Wewe una uhamisho, una mvua, una moyo unaochoka. Mtafute yule anayemwona kila siku, hata kama ni mpika wali, umuombe mgonjwa ruhusa, uzungumze naye. Yule mama lishe ndiye aliyemwangalia akimeza vidonge kwa miezi miwili, mpaka Alanus mwenyewe aliposema yuko tayari kurudi Matiri.

Dada yake alimpokea. Nilikuwepo. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akang'oa majani kwa mikono, hakulia. Akauliza kama mama alizikwa na rozari yake. Dada akasema ndiyo. Akainuka akaenda kuangalia ngoro, ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa pori, na kesho yake akaanza na ya juu.

Msidhani mambo yaliishia hapo vizuri. Mara mbili sauti zilirudi na nguvu. Safari moja alilazwa wodini wiki tatu, na alinitukana kwa Kimatengo, ambacho wakati huo nilikuwa nakielewa. Safari zote mbili alisema mwenyewe mapema, kabla hajaanza kutembea barabarani, kwa sababu hakuna mtu tena aliyekuwa amemwambia kwamba amepona. Nilikuwa nikimuuliza, "Wiki hii zikoje?" naye ananijibu, "Zipo, lakini zina adabu." Sisi wawili tulikuwa tunacheka. Watu wanafikiri tumaini ni kumwambia mtu kwamba yataisha. Tumaini lililomshikilia Alanus ni lile lililokuwa na siku yake na jina la atakayekuja, na ruhusa ya kusema leo ni mbaya.

Nilipokaribia kustaafu nilimwambia miezi sita kabla. Nilimpeleka muuguzi kijana atakayenipokea, safari tatu tukiwa wote, na safari ya nne nikabaki nimekaa njiani ili aingie peke yake. Baada ya hapo sikwenda tena. Wauguzi wawili kwa mgonjwa mmoja ni kama wapishi wawili kwenye chungu kimoja, na mgonjwa ndiye anayeungua. Hilo mtalitii, na mtaliona gumu. Jumatano zangu zilibaki tupu. Nilikuwa naamka, naoga, navaa viatu, nakumbuka.

Mwaka jana nilishindwa. Nilipanda Matiri Jumapili moja mchana, bila mkoba wala kadi, kama mtu tu. Alanus alikuwa nje anachagua mbegu za maharage, nywele nyeupe zote. Alifurahi kwa namna yake. Aliniwekea kiti kivulini, akamwita mke wa mpwa wake, binti mgeni aliyeolewa hapo miezi michache tu, alete chakula. Binti akanipigia magoti, akanikaribisha, na alipokwisha kunipakulia akaniuliza kwa adabu, "Mama, na babu mmefahamiana wapi?"

Alanus alijibu haraka. "Kitai. Miaka ile nabeba mizigo."

Nikaelewa kwamba yule binti hajui, na kwamba si mimi wa kumwambia. Nikasema, "Ndiyo, Kitai."

"Kumbe mama ulikuwa mfanyabiashara," binti akasema. "Ulikuwa unauza nini?"

Nilitafuta bidhaa kichwani. Vitenge, nikafikiri, au sabuni. Alanus aliendelea kuchagua maharage, mabovu huku, mazima kule.

"Hakuwa anauza kitu," akasema. "Alikuwa anakuja tu."